Kilti Iliyoshonwa Al-Shumaisi

Mimi ni wifi yake Jokha, na ukiona wifi anasifu ujue ametafuta ila mpaka amechoka. Nilikaa naye nyumba moja Al-Shumaisi, mjini Riyadh, tangu nilipofiwa na mume wangu. Nimekula chakula chake, nimekosoa mchuzi wake, nimehesabu mara ngapi anafagia ukumbi kwa wiki. Sikupata la kumshika nalo. Hata kosa moja kubwa alilowahi kulifanya, nitakalolisimulia hapa, nusu yake ni langu.

Jokha binti Badawi alizaliwa Unguja, mtaa wa Malindi, akalelewa na shangazi yake aliyekuwa akishona kofia. Kofia ya mkono, wasiojua wanaiona kitu kidogo. Ni miezi ya kutoboa na kuzungushia uzi, kitundu kwa kitundu, na ukikosea kimoja unafumua mstari mzima. Mwaka wa sitini na nne familia yake ilitoka na mabunda mawili, wakahangaika huku na huku mpaka wakafika Jeddah. Huko ndiko ndugu yangu Mbarouk, fundi cherahani, alikomposa. Mafuta yalipopanda bei kila mwenye miguu akakimbilia Riyadh. Mji ulikuwa umechimbwa wote, winchi juu, vumbi chini, na wanaume wa kila taifa wakihitaji nguo za kuvaa. Mwarabu mmoja tuliyemwita Abu Saad alifungua duka la ushoni mtaa wa Al-Dirah, akamchukua Mbarouk awe fundi wake. Yeye ndiye kafili, mdhamini wetu mbele ya serikali, na kwenye ikama ya Mbarouk, kile kibali cha kuishi nchini, pakaandikwa kazi yake: fundi wa nguo.

Miaka miwili tu ikapita, macho ya Mbarouk yakaanza kuingia ukungu. Kwanza akawa anasogeza kitambaa puani. Kisha akawa hawezi kutunga uzi. Mwisho akawa anajua mgeni kwa sauti. Hakumwambia mtu. Fundi asiyeona si fundi, na kafili akijua, ikama imekwenda. Wenzetu wakinyang'anywa ikama hurejea kwao. Sisi kule tulikotoka hatukuwa tena na mlango wa kubisha.

Basi wakapanga, mke na mume. Mbarouk alipima wateja kwa uzi, anafunga fundo begani, fundo kiunoni, fundo mkononi, kisha analeta vitambaa nyumbani ndani ya mfuko. Jokha anakata na kushona. Asubuhi Mbarouk anarudi dukani na nguo zilizokwisha, na mchana anaendesha cherahani kwenye mishono iliyonyooka, kwa kupapasa. Tuliokuwa tukijua ni sisi watatu. Hata kwa daktari hakwenda, kwa kuogopa kwamba kwenye foleni ya hospitali huenda akakaa karibu na mtu anayemjua Abu Saad. Nilimwambia huo ni ujinga. Akaniambia ninyamaze, na mimi dada yake mkubwa.

Sasa, kulikuwa na mhandisi mmoja wa Kiskoti, jina lake Alasdair Rennie, sisi tukimwita Bwana Reni. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi bandarini Mombasa, kwa hiyo alijua Kiswahili, ingawa alikisema kama mtu anayebeba mawe. Siku moja alipita Al-Dirah akamsikia Mbarouk anaguna kwa Kiswahili, akaingia, akakaa, akapewa chai. Tangu hapo ikawa desturi. Na Mbarouk, kila akija kula, anatuletea habari za Uskoti mpaka nikawa nazijua kuliko za majirani. Kwamba wana koo kama Waarabu na kila ukoo una kitambaa chake cha miraba. Kwamba wana zumari ya mfuko, mpigaji anaubana kwapani. Kwamba bibi zao walikuwa na lugha yao, Kigaeli, na watoto walichapwa shuleni kwa kuisema. Hapo Jokha aliacha kula akauliza kama bado wanaisema. Mbarouk akajibu kwamba Bwana Reni anaisema akiwa peke yake ndani ya gari.

Halafu kulikuwa na habari ya wiski. Mimi nilisema astaghfirullah nikataka mazungumzo yageuzwe, lakini Mbarouk alikuwa amekwisha kunogewa. Baba yake Bwana Reni alikuwa fundi wa mapipa katika kiwanda cha wiski, kisiwani kwao. Mtoto akakua akinusa mapipa kabla hajajua kusoma. Alisema wanaoijua hasa hawainywi kama maji. Wanamimina kidogo ndani ya glasi yenye mdomo mwembamba, wanatia tone la maji, kisha wananusa muda mrefu, na pua inawaambia pipa lile lilikaa na nini zamani, na moshi wa udongo uliochomwa, na kama ghala lilikuwa karibu na bahari. Hapa Riyadh hakuwa akigusa kitu. Kambini kwao wapo waliopika kinywaji chao kwa sukari na hamira, wakamkaribisha, akakataa. Aliyelelewa kwa biriani, alimwambia Mbarouk, halambi sufuria la jirani.

Na siku binti yake alipozaliwa, babu alimjazia pipa, likafungwa, likawekwa lingoje. Miaka ishirini na mbili linangoja. Kila mwaka kidogo kinapotea, kinapita kwenye mbao hewani, nao wanakiita fungu la malaika.

Niliuliza malaika gani hao. Mbarouk akasema hata yeye aliuliza hivyo hivyo, na Bwana Reni alicheka mpaka chai ikamwagika. Jokha hakucheka. Alisema mtu anayengoja harufu miaka ishirini na mbili, huyo angeujua udi.

"Haramu ni haramu, wifi," nikamwambia.

"Sijasema halali. Nimesema anajua."

Binti huyo wa pipa ndiye aliyetuletea kilti. Alikuwa anaolewa Jeddah na kijana wa kwao anayeshughulika na meli kwenye Bandari ya Jeddah, na kwa mila yao baba wa bibi harusi lazima avae kilti ya ukoo, ile sketi ya kiume. Ya babu ilikuwa imeliwa na nondo. Kitambaa kipya kilikuwepo, yadi nane, cha kijani na buluu na mstari mwembamba wa manjano, cha mwisho kutoka kinu cha nguo kilichokwisha kufungwa. Bibi mzaa baba alikipakia pamoja na vyombo vya nyumba, kwa meli. Lakini siku hizo meli zilipanga foleni nje ya Jeddah miezi na miezi, saruji ikigandia ndani yake. Kitambaa kilimfikia Bwana Reni harusi ikiwa imebaki wiki tatu, na mafundi wa kwao walikuwa na kazi za miezi mitatu mbele yao. Akakileta Al-Dirah pamoja na ile kilti kuukuu ya kuigiza, akauliza kama inawezekana. Abu Saad alikuwa amekaa pale pale na kahawa yake. Mbarouk, asiyeona hata ukucha wa dole gumba lake, akasema inawezekana.

Nyumbani nilimpasha. Kitambaa kisichopatikana tena duniani, ukiharibu utalipa na nini? Jokha alitandika kilti kuukuu juu ya mkeka, akaifumua nusu, akaisoma kama mtu anayesoma barua.

Mbele ni bapa, mapande mawili yanayolaliana. Nyuma ni marinda ishirini na saba, na kila rinda linakunjwa ili miraba iendelee kama vile kitambaa hakijakunjwa kabisa. Chini hakupindwi. Ule ukingo wenyewe wa kitambaa, kama ulivyotoka kwenye kinu, ndio mwisho wa nguo, na urefu wote unakatwa kutoka juu, kiunoni. Jokha alipolielewa hilo alitabasamu. Alipiga bandi, mishono mirefu ya kushikizia tu, akafumua, akapiga tena. Alishona kwa mkono, kuanzia adhuhuri mpaka magharibi, wiki mbili, na kila tukimaliza kukaanga samaki alichoma udi chumbani ili kitambaa kisishike harufu.

Siku ya kukata urefu aliniita. Fundo la uzi wa Mbarouk liliishia katikati ya goti.

"Wifi, hapa pana kosa. Mtu akikaa, magoti yote nje."

Nilitazama. Nikasema mtu mzima, anamuoza mwanawe, akae mbele ya wakwe mapaja wazi? Jokha akasema labda ile kuukuu ni fupi kwa sababu mzee mwenyewe alikuwa mfupi. Nikamwambia bila shaka, na macho ya Mbarouk ndiyo hayo, fundo lilimteleza. Msitiri mwenzio, nikasema. Akaishusha mpaka vidole vinne chini ya goti. Sitajificha: mkono ulikuwa wake, ulimi ulikuwa wangu.

Jumamosi Bwana Reni alikuja kujaribu. Harusi ilikuwa Alhamisi. Haya nayasema kama Mbarouk alivyotusimulia. Alitoka nyuma ya pazia, akasimama mbele ya kioo. Abu Saad ndiye aliyesema kwanza, kwamba mashallah, hii sasa ni nguo ya heshima, wala hakujua Waskoti ni watu wa sitara hivi. Bwana Reni akasema bibi yake alikuwa na sketi kama hii ya kuendea kanisani. Kisha akaeleza kwa upole kwamba kilti ni ya kuonyesha magoti, na kwamba chini hapakunjwi, itabidi ipandishwe kutoka juu. Akamwomba Mbarouk afumue rinda moja hapo hapo, waone kiunoni mna nafasi gani.

Mbarouk akashika mkasi. Alisema mkono wake ulikuwa unatafuta uzi na ncha ya mkasi inatembea juu ya kitambaa kizima. Abu Saad alikuwa ameinamisha kichwa kutazama. Ndipo Bwana Reni alipouweka mkono wake juu ya wa Mbarouk, akasema basi, si sasa, kuna joto. Akaiinua kilti mpaka usoni, akavuta pumzi ndefu. Halafu akamwambia Abu Saad kwamba ni kurekebisha kidogo tu, akamchukua Mbarouk nje kwenye duka la halua.

"Fundi," akamwambia, "duka lako nanuka mafuta ya cherahani na kahawa. Nguo hii nanuka udi na samaki na karafuu. Hii nashonwa nyumbani. Nani?"

Mbarouk alimwambia yote. Alisema hakuwa na nguvu ya kutunga uongo.

"Mwambie marinda yake mimi sijaona hivi hata kwetu. Lakini magoti, tafadhali."

Nilipoyasikia hayo nilijua nimemponza ndugu yangu. Kilti ilikuwa jambo dogo. Kubwa ni kwamba sasa kulikuwa na mtu wa nne anayejua, tena rafiki wa kukaa na kunywa kahawa na kafili. Neno moja likimtoka, hata kwa mzaha, ikama halas, imekwisha. Nilingoja Jokha anilaumu, nami nilikuwa na majibu tayari. Hakunilaumu. Alikaa chini akaanza kufumua kiuno, rinda la kwanza, la pili, na kule kutolaumiwa kukaniuma kuliko tusi. Nikachukua mapishi yote na ufagio, na baadaye nikakaa upande wa pili wa mkeka nikamtolea nyuzi moja moja. Marinda ishirini na saba, siku nne. Sisemi nilichojiita moyoni.

Bwana Reni alikuwa ametangulia Jeddah. Alituletea tiketi tatu za ndege, kwa sababu kiuno kilibidi kimalizwe mwilini, na Alhamisi asubuhi tulikuwa kwenye nyumba aliyoikodi huko kwa ajili ya harusi. Mkewe, Bibi Moira, alitupokea chumba cha wanawake. Jokha hawezi kumgusa mwanamume asiye wake, kwa hiyo Bibi Moira alichomeka pini chumba cha pili, na Jokha nyuma ya mlango anamwelekeza kupitia kwa Mbarouk: vuta, legeza, pandisha kulia. Ikaletwa, akapiga mishono ya mwisho ya mikanda, akaitoa.

Dirisha la chumba chetu lilitazama uani. Tulimwona Bwana Reni akitoka na binti yake mkononi, na mbele yao mpigaji zumari mashavu yamemvimba. Kwetu zumari ni ya ngoma, unaisikia miguu inawasha. Hii ilijaza ua wote, sauti moja nene chini haikatiki, na nyingine inalia juu yake. Na kila alipopiga hatua marinda nyuma yalifunguka yakajifunga, miraba ikapotea na kurudi mahali pake. Ingegusa soksi isingecheza vile hata kidogo.

"Kumbe," alisema Jokha.

Nikamwambia magoti yenyewe mekundu. Lakini nilikuwa natazama na mimi. Walipopewa vinywaji ilikuwa maji ya matofaa, kila mtu akanyanyua glasi wakasema neno la Kigaeli la kutakiana afya, na Bwana Reni aliinusa yake kwanza, kwa mazoea, kisha akacheka peke yake. Jokha aliliona hilo akafurahi kama aliyetunzwa.

Tulirudi Riyadh, na kilti ikatuponza mara ya pili, safari hii kwa uzuri wake. Wiki iliyofuata Waskoti wanne waliingia dukani na vitambaa vyao, Bwana Reni akiwa amewaleta. Abu Saad alifurahi kupita kiasi. Akasema ataongeza cherahani tatu, ataleta vijana watatu kutoka Karachi, na Mbarouk atawafundisha kazi hii pale pale dukani mbele ya wateja, kuanzia Jumamosi. Akamgeukia kusubiri jibu. Bwana Reni alitazama sakafu. Hakuwa amesema kitu kwa mtu, na Mbarouk akajua hatasema.

Kitu gani kilimpa ujasiri sijui. Alisema alichoka tu.

"Sheikh, mimi sioni. Mwaka wa pili sasa. Anayeshona ni mke wangu, Jokha binti Badawi."

Alimtaja kwa jina, mbele ya wanaume, katika mji ambao mtu humwita mkewe "nyumbani". Abu Saad aliweka kikombe chini. Kisha akasema kwamba kanzu yake ya Idi ya mwaka juzi ilikuja na kola iliyopinda, na ya mwaka jana ikaja haina kosa hata la kutafutia kwa taa, na je, Mbarouk alidhani yeye Abu Saad ni mpumbavu wa kuamini kwamba mikono ya mtu hufufuka? Alikuwa akingoja aambiwe. Kinachopita ndani ya nyumba ya mtu hakukiulizia. Ikama itabaki, itaandikwa msimamizi wa duka. Vijana wa Karachi wasije, kazi iende nyumbani kama ilivyokuwa. Akauliza daktari alisema nini. Mbarouk akajibu mafi daktari, hakuna, hajaenda.

Hapo ndipo kafili alipokasirika. Kesho yake asubuhi alikuja na gari lake mwenyewe mpaka mlangoni kwetu, akapiga honi, akampeleka ndugu yangu hospitali ya macho.

Ulikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari wa Kimisri alisema ni kazi ya chini ya saa moja kwa kila jicho. Miaka miwili tuliishi kwa hofu, tukabeba vitambaa kama wezi, kwa kitu cha kukatwa kabla chai haijapoa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilimsomea Mbarouk maneno hayo mara tatu kitandani pake hospitali, bila huruma, kisha nikatoka kwenye ukumbi nikalia.

Bandeji ya jicho la pili ilitolewa siku ya Jumatatu. Alirudi nyumbani baada ya alasiri, na miwani minene. Nilidhani atatazama nyumba, au kijana wa jirani aliyerefuka, au mimi dada yake niliyezeeka. Jokha alimletea kahawa. Akanyoosha mkono apokee kikombe, akaushika mkono wake badala ya kikombe.

Ncha za vidole zilikuwa nyeusi kwa vitundu vya sindano, ngozi imekuwa ngumu kama ya kisigino. Ukucha wa dole gumba ulikuwa umepasuka katikati. Kidole cha shahada kilikuwa kimepinda hakinyooki. Mimi nilikuwa nikiviona kila siku. Yeye alikuwa hajaviona.

"Jokha," akasema. "Tangu lini?"

"Kahawa inapoa, bwana."

Hakumwachia. Aliugeuza ule mkono, akatazama kidole kimoja kimoja, tena karibu, na miwani yake mipya, kama vile alivyokuwa akitazama mshono zamani. Nilikuwa na neno tayari, maana wifi hakosi neno. Sikuliona lilikokwenda. Nikachukua buibui langu nikatoka kwenda kununua mkate, na mkate ulikuwepo nyumbani.